Uzi maalumu wa jikoni: umempokea ndugu aliyepunguzwa tumbo, unampikia nini?

MpishiWaShughuli:

Wakuu salaam.

Nyuzi za operesheni ya kupunguza uzito humu hazihesabiki, na karibu zote zinabishania bei, zinauliza India au Uturuki, kisha zinaishia kwenye matusi. Mtu akisharudi nyumbani na vijikovu vyake tumboni, hakuna anayesema sufuria gani ibandikwe kesho asubuhi. Mimi kazi yangu ni kupika kwenye shughuli, harusi na misiba, pilau la kilo hamsini halinitishi. Dada yangu mkubwa alipofanyiwa slivu, ukoo mzima ukanigeukia: "Si wewe ndiye mpishi?" Nikapewa karatasi ya maelekezo iliyoandikiwa watu wanaokula jibini na shayiri. Mtori haumo, dagaa hawamo, ugali haumo. Ikabidi nikae na mtaalamu wa lishe wa kliniki anayohudhuria, nimuulize chakula kimoja kimoja, kisha nikarudi nacho jikoni. Wasimamizi, msiuunganishe uzi huu na ule wa bei.

Kwanza tuelewane kinachofanyika, maana bila hapo utapika gizani. Kwenye slivu daktari anakata na kutoa sehemu kubwa ya tumbo, kati ya robo tatu na asilimia 80, linabaki bomba jembamba. Kwenye baipasi tumbo halitolewi, bali juu yake kinatengenezwa kifuko kidogo cha kama mililita 30 kinachounganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo, hivyo chakula kinaruka tumbo lote lililobaki na kipande cha mwanzo cha utumbo. Puto ni jambo lingine, halihitaji kisu, wenye uzoefu watachangia.

Ile sehemu ya juu ya tumbo inayotolewa kwenye slivu ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini. Kwa mpishi hili ni kubwa kuliko yote: usisubiri mgonjwa aseme ana njaa. Hatasema. Miezi ya mwanzo dada alikuwa anaweza kukaa hadi alasiri hajatia kitu kinywani na wala haoni shida, anasikia kizunguzungu tu. Chakula chake kinakwenda kwa saa.

Wiki mbili za kwanza ni vimiminika tu. Anaanza na maji na supu iliyochujwa, halafu kwa ruhusa ya daktari maziwa yaliyopunguzwa mafuta na uji mwepesi unaopita kwenye chujio. Kipimo changu kilikuwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono cha wauza kahawa wa barazani. Kikombe kimoja anakinywa taratibu kwa nusu saa, funda kwa funda. Bila mrija, maana mrija unaingiza hewa, na hewa kwenye tumbo lile inauma. Soda na vinywaji vyote vya gesi, hapana. Jumla ya maji kwa siku inatakiwa ifike lita moja na nusu, na hiyo ndiyo kazi ya kutwa nzima. Wengi wanaorudishwa wodini wiki za mwanzo wamekaukiwa maji tu.

Hapa niseme neno kuhusu supu ya makongoro, kwa sababu kila jirani ataleta. Maji ya supu yana chumvi na ladha, yanamchangamsha mtu, sawa. Lakini ukishachuja nyama na mifupa, protini inayobaki ni ndogo mno, na kidonda kinapona kwa protini. Anatakiwa apate gramu 60 hadi 80 kila siku. Nilichofanya ni kukoroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta ndani ya maziwa ya kawaida, na mengine kwenye supu ikiwa imepoa kidogo ili yasigande. Funda ni lile lile ila lina nguvu zaidi.

Kuanzia wiki ya tatu unaingia kwenye vyakula vya kusaga, na hapo ndipo mapishi yetu yanapowapita wa kwenye ile karatasi. Mtori umezaliwa kwa kazi hii, ila ugeuze. Mtori wa kawaida ni ndizi nyingi na nyama ya kunukishia. Huu nyama ndiyo ichukue nafasi: ichemshe hadi ichambuke kwa kijiko, isage kwenye blenda na supu yake kwanza, halafu ongeza ndizi mbili tatu zilizoiva motoni za kushikilia uzito. Siagi weka mbali. Samaki ni rahisi zaidi. Sato au changu, mvuke na ndimu, mchambue miba kwa vidole (usiamini uma), mponde ndani ya mchuzi wa nyanya zilizomenywa maganda. Choroko na dengu zipike hadi zivurugike kisha upitishe kwenye chujio, maganda yabaki juu. Dagaa wakavu wakaange bila mafuta, toa vichwa, saga, chekecha. Kijiko kimoja cha chai cha unga ule kwenye uji au choroko kinaongeza protini na kalsiamu, na hakigharimu kitu. Dada alikataa harufu siku ya kwanza, nikaweka tangawizi, akala.

Yai livuruge na maziwa kwenye moto mdogo, litoke likiwa bado linang'aa. Yai lililokauka linakwama kama mpira. Na maziwa mgando, baba yao! Yasiyo na sukari, kijiko kwa kijiko.

Mwezi wa pili vinaingia vilaini visivyosagwa: nyama ya kusaga kwenye rojo, kuku wa kisasa sehemu ya paja (kuku wa kienyeji subiri sana), maharage yaliyoiva kupita kiasi, parachichi, malenge, mchicha uliokatwa nyuzi. Baada ya hapo, polepole, chakula cha nyumba.

Ugali, wali mkavu, chapati na mkate mweupe ndivyo vinavyosumbua hata baadaye. Vinajikusanya donge na vinakaa mlangoni. Mtu anasikia kifua kimebana, mate yanajaa mdomoni, mwisho anatapika povu. Dada alionja ugali mwezi wa tatu, tonge la ukubwa wa kidole gumba, akalitafuna hadi nikachoka mimi ninayemwangalia. Kwenye sahani utaratibu ni huu: anaanza protini, anafuata mboga, wanga unakuja mwisho kama kuna nafasi. Mara nyingi nafasi haipo na hakuna aliyekufa kwa kukosa ugali.

Na maji hayakai mezani. Akianza kula hanywi, akimaliza anasubiri nusu saa ndipo anywe. Kwa sisi tuliozoea glasi ya juisi pembeni ya sahani hili ni gumu kuliko kuacha nyama choma.

Sasa wageni. Shangazi yetu alikuja na hotipoti la pilau, akamwona dada, akaanza kulia: "Mwanangu unakwisha, hawakulishi humu ndani?" Mimi niko pale na aproni! Ukimwambia daktari amekataza, anajibu "kidogo tu, la baraka". Na dada, kwa heshima, mkono unaanza kunyooka. Nilichoamua ni kwamba wageni wote wanakaribishwa saa ambayo dada ameshakula, na chakula kinacholetwa kinapokelewa kwa mikono miwili, kinasifiwa, kinaliwa na watoto. Shangazi hajakasirika mpaka leo.

Naomba kuwasilisha. Wenye ujuzi wa hospitali waje upande wa hatari na dawa, huko mimi si mwenyeji.

MzeeWaKijiwe:

Hela zote hizo mtu akatwe tumbo ili aje anywe uji wa kikombe cha kahawa? Si angekunywa tu huo uji bila kukatwa? Amka alfajiri ukimbie, acha chipsi. Tumekuwa wavivu.

NesiWaZamu:

Mzee wangu shikamoo. Hoja yako naisikia wodini kila wiki, tena kutoka kwa ndugu wa mgonjwa. Mtu mwenye kilo 140 na magoti yaliyokwisha ukimwambia akimbie unamtafutia ajali. Na wengi wao wameshapungua mara nyingi tu kwa kujinyima, mwili ukarudisha, kwa sababu unapopungua homoni za njaa zinapanda na mwili unatumia nguvu kidogo. Operesheni inagusa hizo homoni, ndiyo maana uji ule ule unamshibisha leo na jana haukumshibisha. Sweden walianza mwaka 1987 kufuatilia zaidi ya watu 4,000 wanene, karibu nusu walifanyiwa operesheni na wengine matibabu ya kawaida. Majibu ya mwaka 2007 yalionyesha waliofanyiwa walikuwa na vifo vichache. Mazoezi wanafanya pia, tena lazima, bila hivyo misuli inaondoka pamoja na mafuta.

Mleta uzi, jikoni umemaliza. Naongeza ya kwangu, na mniwie radhi nitakuwa mkali kidogo.

Siku na wiki za mwanzo kinachoogopwa ni mshono wa ndani kuvuja na damu kuganda. Mapigo ya moyo yakikaa juu ya 120 akiwa amepumzika, homa, tumbo linauma na kuzidi, maumivu yanapanda begani, pumzi fupi: usimpe panadoli ukasubiri asubuhi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma, au kifua kikibana ghafla, vivyo hivyo. Ndiyo maana tunawaamsha watembee wodini siku ile ile ya operesheni au kesho yake, na wanaorudi na ndege safari ndefu wamuulize daktari kuhusu sindano za kuzuia damu kuganda kabla hawajakata tiketi.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila duka la dawa linakupa bila kuuliza, ziacheni. Kwa mtu wa baipasi zinachimba kidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Sigara nayo hivyo hivyo.

Kama alikuwa na kisukari au presha, dozi zake za zamani zisiendelee kwa mazoea. Sukari inashuka mapema sana, mara nyingi hata kabla uzito haujapungua. Mtu anayeendelea kuchoma insulini ile ile huku anakunywa supu tu atazimika. Dozi ipangwe upya na daktari kabla hajatoka hospitali.

Na hili naomba mlikariri. Mgonjwa anayetapika siku nyingi mfululizo baada ya operesheni hii anaishiwa vitamini B1, tiamini, na mwili una akiba ya wiki chache tu. Akianza kuyumba anapotembea, kuona vitu viwili viwili, au kuongea vitu visivyoeleweka, ubongo tayari unaumia. Mkifika mapokezi semeni wazi: "Huyu amepunguzwa tumbo, ametapika siku kadhaa, tunaomba apewe B1 kabla ya dripu ya glukosi." Glukosi ikitangulia inaweza kumaliza B1 iliyobaki. Mhudumu mwingine hajawahi kukutana na mgonjwa wa aina hii, kwa hiyo msione aibu kusema.

MswahiliWaMuscat:

Assalaam aleikum jamaa zangu wa nyumbani. Mimi niko Oman, huku operesheni hizi ni jambo la kawaida, kila familia ina mtu wake. Mimi nilifanyiwa baipasi.

Kwa watu wa baipasi tatizo letu kubwa ni tamu. Nilialikwa kwa watu, ikaja kahawa na halua, na halua ya huku unaijua: sukari, samli na wanga, inateleza yenyewe. Nikala vijiko viwili vitatu kwa ajili ya adabu. Haikupita nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linanguruma, nikaomba nionyeshwe pa kulala. Wataalamu wanaiita dampingi: sukari inamwagika kwenye utumbo kwa mkupuo, maji ya mwilini yanaifuata. Kuna na ya pili inayochelewa, saa moja hadi tatu baada ya kula. Hiyo ni sukari ya damu kushuka baada ya mwili kutoa insulini nyingi mno. Unatetemeka, njaa kali, macho hayaoni vizuri. Tende tatu tumbo likiwa tupu zinatosha kunifikisha huko. Sasa nikila tende ni moja, tena juu ya chakula chenye nyama au mtindi.

Upande wa vidonge, hivyo ni vya maisha, na hapa ndipo watu wanapoteleza. Mwaka wa kwanza wanameza, wa pili wanajiona wazima, wa tatu damu imekwisha. Mimi natumia vitamini mchanganyiko, B12, vitamini D, madini ya chuma na kalsiamu. Kwa mwanamke anayeona siku zake chuma huwa miligramu 45 hadi 60 kwa siku. Kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 na lazima uigawe, mwili haupokei zaidi ya 500 au 600 kwa mara moja. Aina ya sitrati ndiyo inayotufaa maana haihitaji asidi nyingi ya tumbo. Chuma na kalsiamu vinagombana, viachanishe saa mbili. Na msimeze chuma na chai! Chai inakizuia. Meza na maji yenye ndimu. Wasioweza kidonge cha B12 wanachoma sindano kila mwezi.

Damu ipimwe mwaka wa kwanza kila baada ya miezi michache, halafu walau mara moja kwa mwaka. Wanaosafiri kwenda kufanyiwa nje wanasahau kwamba daktari aliyewafanyia hayuko Temeke wala Kisauni. Tafuta wa kukufuatilia kabla hujapanda ndege.

Kibonge_Mstaafu:

Nipo siti ya mbele. Swali: nywele. Mke wangu yuko mwezi wa nne na zinatoka kwa mafungu, analia kila akichana. Ni hizo vitamini?

NesiWaZamu:

Mwezi wa tatu hadi wa sita ni kawaida. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, iwe operesheni, uzazi au homa kali, nywele nyingi zinaingia mapumzikoni kwa pamoja na zinadondoka miezi michache baadaye. Zinarudi. Ila mwangalie protini anafikisha? Chuma je? Zikiendelea kutoka baada ya miezi sita kupita, apimwe. Na asisuke rasta nzito sasa hivi, mizizi imechoka.

KakaPuto:

Mimi ni wa puto. Tangu hospitali ya Mloganzila waanze kuliweka watu wengi wanadhani ni sawa na slivu. Hapana. Linaingizwa kwa mdomo likiwa limenywea, linajazwa ndani ya tumbo, na baada ya miezi 6 au 12 kulingana na aina linatolewa. Tumbo lako linabaki lote.

Siku za kwanza utaijutia dunia: kichefuchefu, kutapika, tumbo linakaza. Wanakupa dawa, unakunywa vimiminika, kisha vya kusagwa, mpangilio unafanana na wa mleta uzi ila unakwenda haraka. Linapotulia unashiba mapema, raha. Lakini siku linatolewa, njaa inarudi nyumbani kwake. Ile miezi ni ya kubadilisha sahani, usipoibadilisha umelipia likizo tu.

Bint_Mvita:

Jamani, mie mamangu alifanyiwa slivu Nairobi, sasa ana miezi saba, na Ramadhani i karibu. Ashasema atafunga na hakuna wa kumzuia. Nifanyeje?

MswahiliWaMuscat:

Madaktari wengi wanasema usifunge kabla mwaka haujapita, wengine mwaka na nusu. Sababu ni ile lita moja na nusu. Mtu wa kawaida akifuturu anashusha glasi mbili kwa mpigo, sisi hatuwezi. Kuanzia magharibi hadi daku masaa ni machache na tumbo ni dogo, na bado kuna kula, na kula na kunywa havikai pamoja. Mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa ana fidia. Mpeleke kwa daktari wake kwanza, halafu kwa shehe mnayemwamini. Wazee wetu wakisikia kwa shehe wanatulia.

Baada ya mwaka nilifunga, kwa idhini. Nilikuwa nafungua kwa maji kidogo kidogo na nusu tende, nasali, narudi na supu ya nyama iliyosagwa au samaki. Viazi karai na kaimati niliwaachia wenyewe. Hadi kulala nina chupa mkononi. Daku ni mayai na mtindi, uji wa sukari hapana.

Bint_Mvita:

Ahsante sana kaka. Na mbaazi za nazi? Ndizo anazoziulizia kila asubuhi, na mahamri yake.

MpishiWaShughuli:

Mbaazi ndiyo, dada yangu, tena protini nzuri. Zipike ziive sana, tui jepesi badala ya zito, vijiko vitatu vinne. Mahamri ni unga, sukari na mafuta kwa pamoja, na ni laini, yanapita bila kumshibisha. Hapo mama atakuchukia kidogo, vumilia.

Hili la kupita bila kushibisha ndilo naliona likianza kwa dada sasa hivi. Akifikisha mwaka tumbo linazoea, linapokea zaidi, na kuna vyakula vinateleza tu: biskuti, krispi, aiskrimu, kashata, juisi ya miwa. Samaki robo sahani inamsimamisha, lakini pakiti ya biskuti na chai anaimaliza mbele ya tamthilia na bado yuko vizuri. Uzito unarudi kwa njia hiyo, na si kwa pilau la shangazi. Nyumbani kwetu biskuti hazinunuliwi tena, watoto wamelalamika, wamezoea.

Neema_Tabata:

Nimefika kuchelewa. Mimi nina slivu, miezi minane, na nimeolewa mwaka huu. Mama mkwe anataka mjukuu jana. Kuna tatizo nikibeba sasa?

NesiWaZamu:

Subiri bibie. Ushauri ni miezi 12 hadi 18 baada ya operesheni, uzito utulie kwanza, maana wakati unapungua kwa kasi mtoto na wewe mtagombania kile kidogo kinachoingia. Halafu ujue uzito ukishuka mayai yanaamka, hata wale waliokuwa hawashiki mimba miaka mingi wanashangaa. Usijiachie kwa kudhani hushiki. Vidonge vya uzazi wa mpango huwa havitegemewi baada ya baipasi, na wewe wa slivu ukiwa unatapikatapika navyo havikusaidii. Kitanzi au kipandikizi ni salama zaidi, ongea na kliniki. Foliki asidi uanze kabla ya kubeba. Na ukishabeba waambie kliniki ya wajawazito kuhusu operesheni mapema, ili kile kipimo cha kisukari cha kunywa glukosi wakibadilishe kwa njia nyingine, kitakuangusha. Mama mkwe mwambie shemeji aongee naye, si kazi yako.

MzeeWaKijiwe:

Nimesoma uzi wote. Sawa, nimekaa kimya. Ila mleta uzi hujasema gharama ya chakula. Hizo poda za protini za makopo kuna ulazima? Binti yangu ameniletea orodha, kopo moja ni kodi ya chumba.

MpishiWaShughuli:

Karibu mzee wangu, shikamoo. Poda inasaidia wiki zile za vimiminika, kwa sababu gramu 60 kwa kunywa tu ni kazi. Dada alitumia kopo moja, nikasoma nyuma nihakikishe halina sukari ya kujaza. Baada ya hapo jiko linatosha. Piga hesabu ya siku ya mtu aliyevuka mwezi wa tatu: mayai mawili, moja asubuhi moja saa nne, gramu 12. Glasi ya maziwa aliyoigawa mara mbili, 8. Mchana samaki kipande cha ukubwa wa kiganja chembamba, kama 14. Alasiri kikombe cha mtindi, 7. Jioni nyama ya kusaga vijiko vinne vya mezani, 12, na maharage nusu kikombe, 7. Jumla 60, na hapo sijagusa dagaa. Nenda nayo sokoni hiyo orodha uone inatoka shilingi ngapi, halafu linganisha na kopo.

Kama binti hali nyama, niambie, upande wa choroko, soya na karanga za kusaga nina mengine ya kuweka. Na yuko wiki ya ngapi? Maana kama ni ya kwanza au ya pili, mnunulie hilo kopo moja tu, baada ya hapo nipigie kelele humu nikupe vipimo vya mtori.

MzeeWaKijiwe:

Wiki ya pili. Na nyama anakula, tena ndiyo iliyomfikisha huko. Haya, kopo moja. Huo mtori weka vipimo mapema, Jumatatu ijayo anaanza vya kusaga na mama yake yuko safarini, mpishi ni mimi.

MpishiWaShughuli:

Nyama ya steki robo kilo, ndizi mshale tatu, nyanya moja iliyomenywa, karoti nusu, kitunguu kidogo, chumvi kidole. Chemsha nyama peke yake saa moja na nusu hadi mbili, maji yasikauke. Ndizi, karoti na kitunguu viingie mwishoni, nyanya ifuate. Saga nyama na supu kwanza hadi isiwe na uzi hata mmoja, jaribu kwa kusugua kati ya vidole. Kisha ongeza vingine, saga tena, chuja. Gawa kwenye vikombe vya kahawa: vya leo na kesho kwenye friji, vilivyobaki kwenye friza. Anakula kimoja kwa nusu saa, kijiko cha chai, akisema basi ni basi, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Usimalizie "hiki cha mwisho" mzee, najua wazazi.